Muhogo wa Kwale una deni kwa mpira

Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa hila. Shamba la Msambweni au Kikoneni linaweza kuonekana zima kabisa, mashina yamenenepa, majani ya juu yamekolea kijani. Ni majani ya chini tu yenye madoa ya manjano kandokando ya mishipa, na mkulima akiyaona hudhani ni uzee wa jani. Mwezi wa tisa au wa kumi anang'oa shina la kwanza. Kwa nje muhogo una umbo lake la kawaida. Anaukata kwa panga, na hapo ndipo anapokutana na mabaka ya kahawia, makavu na magumu, yametapakaa katika nyama nyeupe. Akiyachonga yote anabaki na vipande. Mama anayekaanga muhogo pale Ukunda hawezi kuvinunua vipande hivyo, wala mwenye kutengeneza krispi. Kazi ya karibu mwaka mzima imekwenda bure, na kwa kuwa shamba lilionekana lina afya, huenda yeye mwenyewe ameshawagawia majirani mbegu kutoka mashina yale yale.

Hakuna dawa ya kunyunyizia. Ugonjwa huu ni wa virusi vinavyoenezwa na inzi weupe kutoka shina hadi shina, na kwa mwendo mrefu tunavieneza sisi wenyewe, ndani ya mafungu ya pingili tunayofunga nyuma ya bodaboda. Kinga ya kutegemewa ni muhogo wenyewe kuwa na nguvu ya kuvishinda. Muhogo wa namna hiyo upo pwani ya Kenya, na jina lake ni Kaleso. Kusini mwa Tanzania unaitwa Namikonga. Katika daftari za watafiti unajulikana kwa namba, 46106/27. Vipimo vya jeni vimeonyesha kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea ule ule uliopewa majina mawili.

Nguvu hiyo ya Kaleso haikutoka kwa muhogo. Ilitoka kwa mpira, ule mti wa utomvu mweupe ambao majani yake, hasa kwa wenzetu wa Tanzania, hupikwa kisamvu. Watu walikaa chini wakauzalisha muhogo na mti huo wa mwituni, kizazi baada ya kizazi, kwa miaka 20. Mimi naamini kazi ile ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za sayansi zilizowahi kufanyika Afrika Mashariki. Naamini pia kwamba iliachwa njiani, na kaunti kama Kwale zinaendelea kulipa gharama ya kuachwa kwake.

Kazi yenyewe ilifanyika Amani, kituo kilichoko kwenye milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza, upande wa pili wa mpaka wetu wa Lunga Lunga. Wajerumani walikijenga mwaka 1902. Ugonjwa mwingine wa muhogo, batobato, ule unaokunja majani na kuyadumaza, ulikuwa umeshaandikwa na wataalamu wao tangu mwaka 1894. Walowezi nao walikuwa wamepanda mipira mingi katika Tanganyika, mti walioutoa kaskazini mashariki mwa Brazil, wakitarajia utajiri wa raba. Mwaka 1913 bei ya raba ikaanguka kwa sababu mashamba ya Asia yalikuwa yameanza kujaza soko. Mipira ikatelekezwa. Ikaendelea kuota yenyewe, haina mwenyewe, haina bei.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakakichukua kituo. Mmoja wa waliofika ni H. H. Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea aliyejipatia jina kwa utafiti wa ugonjwa wa michirizi ya mahindi. Ni yeye aliyeitofautisha michirizi ya kahawia na batobato katika ripoti yake ya mwaka 1936. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu yake ya kumlipa: ilitaka kila kaya iwe na shamba la muhogo kama akiba ya njaa, na akiba yenyewe ilikuwa inaozea ardhini. Storey na mzalishaji wa mimea R. F. W. Nichols walikusanya aina za muhogo kutoka nchi mbalimbali na kuzijaribu moja moja. Hawakupata hata moja yenye kinga kamili. Ndipo wakageukia jamaa wa muhogo wa mwituni, na katika wote waliojaribiwa, uliowafaa zaidi ni ule mpira uliotelekezwa.

Inafaa kueleza jinsi kazi hii inavyofanywa, maana anayeijua hatauliza tena kwa nini haimalizwi kwa msimu mmoja. Muhogo hubeba maua ya kike na ya kiume kwenye kikonyo kimoja. Ya kike yako chini na hufunguka kwanza; ya kiume huchelewa wiki moja au zaidi. Mzalishaji hulifunika ua la kike kwa kifuko cha kitambaa kabla halijafunguka, ili nyuki asimtangulie. Likishafunguka huleta chavua ya mti aliouchagua, akaipaka kwa mkono, akalifunika tena na kulifunga kibandiko chenye namba. Baada ya miezi mitatu hivi tunda dogo hukauka, likapasuka na kurusha mbegu zake. Hazizidi tatu. Na kila moja ni mmea tofauti na wenzake wa tunda lile lile, kwa hiyo kila moja hupandwa peke yake, huwekwa makusudi katikati ya mashina yenye ugonjwa, hungojewa mwaka, kisha hung'olewa na kukatwa.

Muhogo na mpira kila mmoja una kromosomu 36, na ni jamaa wa karibu kiasi cha kupokeana chavua bila taabu kubwa. Lakini mtoto wa kwanza wa hao wawili hafai jikoni. Mizizi yake ni myembamba na ina ugumu wa mti. Ilibidi mtoto huyo azalishwe tena na muhogo, mjukuu naye arudishwe kwa muhogo, na kitukuu vilevile. Kila hatua sehemu ya mpira ilipungua na unga katika mzizi ukaongezeka, na kila hatua ilibidi wapime upya kama kinga imebaki au imepotea njiani. Miche mingi ilitupwa. Kaleso ni wa kizazi cha tatu cha kurudishwa namna hiyo.

Makala za kitaalamu zinawataja Storey, Nichols, na D. L. Jennings aliyeshika kazi baadaye. Watu watatu hawawezi kufunga vifuko vyote vile, kupalilia, kung'oa na kukata mizizi kwa miaka 20. Walikuwepo watu wa Usambara, wenye mikono iliyozoea kikonyo cha muhogo kuliko ya wageni hao, na naomba nao wahesabiwe tunapoitaja kazi ya Amani.

Mwaka 1957 mpango ukafungwa. Miche bora kabisa ndiyo kwanza ilikuwa imepatikana. Baadhi ilikuwa imeshasambazwa katika nchi za jirani, lakini hapakuwa na mpango wa kuizidisha na kuifuatilia kijiji kwa kijiji. Michirizi ya kahawia ikakaribia kusahaulika katika vitabu, huku ikiendelea kuozesha mihogo ya pwani kila mwaka. Watafiti walirudi kuishughulikia kwa dhati katika miaka ya 1990. Mwaka 2004 ikaonekana Uganda, katika nyanda za juu ambako ilidhaniwa haiwezi kushamiri. Hapo ndipo wenye fedha za utafiti waliposhtuka, ingawa mkulima wa Msambweni alikuwa amekaa nayo tangu enzi za babu yake.

Sehemu ya mazao ya Amani ilinusurika kwa kusafiri mbali. Mbegu za mmea ulioitwa 5318/34 zilipelekwa Nigeria, na kutoka kwazo kukachaguliwa mmea mwingine, 58308. Taasisi ya kimataifa ya IITA ilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967, mzalishaji wake S. K. Hahn aliutumia mmea huo kama mzazi, na kati ya watoto na wajukuu akapatikana TMS 30572. Aina hiyo ndiyo iliyopandwa Uganda kwa jina la Migyera, au Nase 3, baada ya batobato kali kuteketeza mashamba ya nchi hiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuleta njaa. Kinga iliyozalishwa Usambara ikafika Uganda kwa kupitia Nigeria. Mwaka 2016 wanasayansi waliosoma jeni za mihogo mingi walichapisha matokeo yao: vipande vya jeni za mpira vimo mpaka leo ndani ya aina nyingi za muhogo wa Afrika, na asili yake ni Amani. Huenda muhogo uliouchemsha kwa tui wiki hii una chembe za mti ule.

Nimesikia watu wakisema haya ni mambo ya kizungu, ya kuchezea mimea ambayo Mungu ameiumba kamili. Nawaheshimu wenye hofu hiyo, lakini ningependa watazame hamri moja kwenye sahani ya asubuhi. Unga wake ni wa ngano, na ngano tunayoila ilitokea maelfu ya miaka iliyopita, pale ngano ya kale iliyolimwa ilipochanganyika shambani na nyasi ya mwituni karibu na Bahari ya Caspian, bila mtu kupanga. Wazalishaji wa leo hurudi kwa nyasi hizo hizo kutafuta kinga ya kutu ya shina. Kituo chetu cha Njoro kimekuwa uwanja wa kupima ngano za dunia tangu aina ya kutu iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, iliposhinda kinga ambayo ngano ilikuwa imerithi kutoka kwa rai (rye), nafaka ya Ulaya. Sukari iliyomo katika hamri hilo ni ya miwa, na miwa yote ya viwandani ina damu ya mwitu. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa uliitesa miwa mitamu ya Java, na Waholanzi wakaizalisha na muwa mwitu. India ikafanya vilevile pale Coimbatore. Miwa iliyosagwa Ramisi mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 1988, na inayolimwa leo Msambweni, yote ni ya ukoo huo. Kwale imeishi kwa mazao ya mwituni kwa muda mrefu kuliko inavyojijua.

Wala njia hii isichanganywe na GMO. Kenya ilipiga marufuku vyakula vya GMO mwaka 2012, na baraza la mawaziri likaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, uamuzi uliopelekwa mahakamani. Kati ya mimea iliyohusika katika mjadala huo ni muhogo uliowekewa kinga ya michirizi kwa njia ya maabara. Ulijaribiwa Mtwapa, na mwaka 2021 mamlaka ya nchi ikauruhusu uende hatua ya majaribio mapana. Sina ugomvi na waliofanya kazi hiyo, na wenye kuipinga wana haki ya kusikilizwa. Kinachonikera ni kwamba tumeubishania muhogo huo kwa miaka, redioni na misikitini, na katika ubishi wote huo jina la Kaleso halikutajwa. Muhogo uliopata kinga kwa chavua, kwa mkono wa mtu na kifuko cha kitambaa, unaotafunwa tangu kabla ya uhuru, umekaa tu kwenye mashamba machache na katika kituo cha utafiti.

Kwa nini haukuenea? Mkulima si mjinga, na jibu liko mdomoni mwake. Muhogo ambao pwani nzima inaupenda ni Kibandameno. Ni mtamu, mteja anautaja kwa jina, na ni miongoni mwa aina zinazoshambuliwa vibaya zaidi na michirizi. Kumwambia mtu aache muhogo unaouzika kwa sababu ya kinga asiyoiona ni kumtaka acheze kamari na ada ya shule ya mtoto. Kituo cha KALRO Mtwapa kililielewa hilo, kikatoa aina zilizochaguliwa kwa kuangalia mdomo na soko pamoja na ugonjwa: Tajirika, Karembo, Karibuni, Nzalauka, Shibe, Siri. Ni kazi nzuri. Lakini tembea kutoka Tiwi hadi Vanga ukauliza ni wangapi wamepata pingili safi za aina hizo, tena kwa wakati, kabla ya mvua ya masika.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Muhogo haumpi faida mwenye kampuni ya mbegu. Mkulima wa mahindi chotara hurudi dukani kila msimu. Wa muhogo hukata shina lake mwenyewe, akapanda, akampa shemeji yake fungu. Hakuna mfanyabiashara atakayewekeza mahali ambapo mteja hanunui mara ya pili. Pingili safi za muhogo ni kazi ya umma, sawa na chanjo na maji. Kilimo kimegatuliwa tangu mwaka 2013, kwa hiyo kazi hiyo iko mikononi mwa serikali ya kaunti. Inahitaji mashamba ya kuzidishia pingili katika kila kaunti ndogo, yawe mbali na mihogo ya zamani. Inahitaji pia watu waliofunzwa kung'oa shina lenye dalili mapema, na maafisa wa ugani wenye pikipiki na mafuta ya kuifikia Kinango na Samburu. Hata mkulima asiye na afisa ugani ana la kufanya: achukue pingili kutoka shina ambalo mizizi yake ameiona imekatwa ikiwa safi, na asizikubali zilizokatwa kwenye shamba ambalo bado halijavunwa.

Kuna jambo la pili, na hili linahusu misitu. Kweli mpira si mwenyeji wa hapa. Asili yake ni Brazil, kama muhogo wenyewe. Lakini mimea mingine tunayoitegemea ina jamaa wake papa hapa. Katika misitu ya pwani yetu ya kusini huota mbuni wa mwituni, Coffea pseudozanguebariae, ambao punje zake hazina kafeini kabisa. Watafiti wa Kifaransa waliuzalisha na aina nyingine ya kahawa ili kujifunza jinsi kafeini inavyorithiwa. Kahawa isiyo na kafeini inayouzwa madukani huondolewa kafeini kiwandani kwa gharama. Mti huu huzaa punje za namna hiyo wenyewe, kwenye kivuli cha miti yetu. Kunde mwitu hutambaa kando ya barabara za pwani na watu hulishia mbuzi. Mpunga mwitu, ule wa mizizi mirefu ambao wakulima wa mpunga Afrika nzima huung'oa kwa hasira, ndugu yake wa Mali ndiye aliyeupa mpunga wa Asia kinga ya ugonjwa wa bakteria unaokausha majani.

Wazee wa kaya walilinda sehemu ya urithi huu bila kuhitaji kitabu cha jeni. Kaya Kinondo, hapo hapo Diani, imezungukwa na hoteli na viwanja vilivyopimwa, na bado imesimama kwa sababu kuna miiko na kuna watu wanaoishika. UNESCO iliorodhesha misitu ya kaya za Mijikenda mwaka 2008, heshima kubwa, lakini cheti hakizuii msumeno. Mlima Mrima una madini adimu chini ya miti yake na umeshatamaniwa na wachimbaji. Shimba Hills inazungukwa na mashamba yanayosogea. Anayekata kichaka huko hajui, wala hawezi kujua, ni mti upi utakaohitajika mwaka 2060 ugonjwa mpya utakapozuka. Storey naye asingejua mwaka 1913 kwamba mipira iliyokosa bei ingeokoa muhogo.

Wapo watakaosema kaunti yenye uhaba wa dawa hospitalini na visima vikavu Kinango haina nafasi ya kufikiria maua ya muhogo. Nawajibu kwamba Kinango ndiko hasa muhogo unakohitajika, mahindi yakishindwa na mvua. Mzizi unaokaa ardhini ukisubiri siku ya shida ni akiba, mradi usiwe umeoza ndani. Tena gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na magunia ya msaada yanayoletwa kwa malori kila ukame unapotangazwa.

Kwa hiyo naelekeza ombi langu kwa wawakilishi wa wadi wa Kwale. Makadirio ya kilimo yatakapoletwa mbele yenu, ulizeni ni fungu gani limetengwa kwa pingili safi za muhogo, nani atazizidisha, na zitamfikia mkulima wa wadi yenu mwezi gani. Fanyeni mkataba wa miaka mingi na Mtwapa, usiovunjwa kila gavana anapobadilika, ili mzalishaji aweze kumaliza vizazi vitatu alivyovianza. Na mpeni kila anayeilinda kaya posho inayolingana na kazi yake. Mpango wa Amani ulifungwa mwaka 1957 na watu ambao hatukuwachagua. Huu wa sasa ukifungwa, utakuwa umefungwa na sisi.